Kazi ya Mwandishi wa Programu na Amana ya Ushahidi

Mwezi huu twapenda kusema na wazazi na vijana juu ya jambo ambalo tumeulizwa zaidi ya mara moja hapa kwetu Singida. Kijana amemaliza kidato cha sita, amefaulu hesabu, na ataka kwenda kusomea uandishi wa programu za kompyuta. Mpaka hapo mzazi hana neno. Lakini kijana aongeza kuwa hataki kazi ya benki wala ya kampuni ya simu; ataka kuitumia elimu hiyo katika mambo ya raia na uchaguzi, ili watu wajue wameandikishwa wapi, mbunge wao amesema nini, na siku ya kura kumetokea nini. Hapo mzazi hushtuka. Huuliza: Je, hiyo ni kazi au ni siasa? Na ikiwa ni siasa, si mlango wa fitina? Na ndani yake mna riziki?

Swali hilo twaliheshimu, kwani mzazi aliyeona vijana wakiingizwa katika magomvi ya vyama, kisha wakaachwa humo peke yao, ana haki ya kuogopa. Lakini kabla ya kuihukumu kazi yatupasa kuijua. Mwandishi wa programu si mchawi, ingawa wako wanaomdhania hivyo, wala si mwanasiasa. Ni karani. Kompyuta hufuata maagizo iliyoandikiwa, na aliyeyaandika maagizo hayo ndiye aliyeamua nani atahesabiwa, nani ataulizwa, na nani ataachwa nje. Na karani katika dini yetu ana mahali pake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya karani na mashahidi: yamtaka karani aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika hali Mwenyezi Mungu amemfundisha, na yakataza karani na shahidi kutiwa madhara. Aya ile yahusu deni la mtu na mtu. Kura ni haki ya watu milioni nyingi. Basi karani wake ana mzigo ulio mkubwa zaidi.

Ili tusiseme maneno matupu, tutazame yaliyotokea kwa majirani zetu wa Kenya, maana huko ndiko kazi hii ilikojulikana na ulimwengu mzima.

Tarehe 27 Disemba, 2007, Wakenya walipiga kura ya kumchagua Rais. Tarehe 30 ya mwezi huo alipotangazwa Mwai Kibaki kuwa mshindi, upande wa Raila Odinga ukakataa, na nchi ikaingia motoni. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, mpaka yalipopatikana mapatano ya tarehe 28 Februari, 2008, kwa usuluhishi wa Kofi Annan. Katika siku zile za mwanzo khabari zilikuwa za aina mbili tu: kimya na uvumi. Aliyekuwa Mombasa hakujua yaliyompata ndugu yake Eldoret, na asiyejua huamini la kwanza analoambiwa.

Mwanasheria mmoja wa Kenya, Bibi Ory Okolloh, alikuwa amekwenda nyumbani kwa ajili ya uchaguzi ule, kisha akarudi Afrika ya Kusini alikokuwa akikaa. Tarehe 3 Januari, 2008, aliandika katika mtandao kuuliza: je, hapana mafundi wa kompyuta watakaotengeneza ramani ya nchi, ili kila penye mauaji, uporaji au kuchomwa nyumba paonekane, watu wasije baadaye wakaambiwa kuwa hayakutokea? Mmoja wa walioitika ni Bwana David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, Marekani, akifanya kazi ya kuandika programu. Pamoja naye walikuwako Bwana Erik Hersman, aliyelelewa Sudan na Kenya, na Bibi Juliana Rotich, mtaalamu wa kompyuta wa Kenya. Kwa muda wa siku chache tu programu ikasimama. Wakaipa jina la Kiswahili: Ushahidi.

Namna ilivyofanya kazi si ngumu kufahamika. Mtu aliyeona jambo alipeleka ujumbe mfupi kwa simu, au aliandika katika tovuti yenyewe: nini, wapi, lini. Wenye kazi wakaupokea, wakaulinganisha na khabari nyingine na maneno ya watu waliokuwako mahali pale, kisha wakaweka alama katika ramani. Lililohakikishwa liliandikwa kuwa limehakikishwa, na ambalo bado, likaandikwa kuwa bado. Tafadhali msomaji asilipite neno hili upesi, maana tutalirudia.

Sasa liko jambo la pili la Bwana Kobia ambalo wengi hawalitaji, nasi twaliona kuwa ndilo lenye mafunzo zaidi. Kabla ya hayo yote alikuwa amejenga baraza la mazungumzo katika intaneti liitwalo Mashada, nalo lilikuwa miongoni mwa mabaraza makubwa ya Wakenya, ambamo walio nyumbani na walio ng'ambo walikutana na kujadiliana. Uchaguzi ulipoharibika, na baraza likaharibika. Matusi ya ukabila yakaja kwa wingi ambao wasimamizi hawakuweza kuyazuia. Tarehe 29 Januari, 2008, alipouawa mbunge wa Embakasi, Mugabe Were, mafuriko ya chuki yakazidi, na Bwana Kobia akalifunga baraza lake. Mahali pake akaweka ukurasa wenye jina ambalo kwa lugha yetu ni "Sina kabila", akawaita Wakenya waandike humo yale yanayowaunganisha.

Natuutazame mwezi huo mmoja wa mtu mmoja. Mwanzoni mwa Januari alifungua mlango ili watu waseme walichokiona. Mwishoni mwa Januari alifunga mlango ili watu wasiseme walichokichukia. Mwenye fikira nyepesi atadhani kuwa hayo mawili yapingana, kwamba leo mtu huyu alipenda uhuru wa kusema na kesho akauchukia. Sisi twaona kuwa ni kazi moja. Kusema "nimeona nyumba ya fulani inachomwa mahali fulani saa fulani" ni ushahidi. Kusema "watu wa kabila fulani ni wabaya" si ushahidi wa kitu chochote. Ni kuni za moto. Na kufunga baraza ulilolijenga kwa miaka, ambalo ndilo linalokupa jina mbele ya watu, si jambo dogo. Duka lililojaa wateja hufungwa na mwenyewe kwa nadra sana.

Mwaka 2010 jarida la Technology Review, la chuo cha MIT cha Marekani, lilimheshimu Bwana Kobia miongoni mwa vijana wavumbuzi wa dunia kwa kazi yake ya kuwafaa wanadamu. Na mwaka huo huo kazi ile ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Tarehe 12 Januari, 2010, Haiti ilipopigwa na tetemeko kubwa la ardhi, programu ya Ushahidi ilitumiwa huko kupokea ujumbe wa walionaswa na waliokosa maji na dawa. Wahaiti waliokaa nchi za nje wakautafsiri kutoka lugha yao ili waokoaji wa kigeni waufahamu. Hilo liliwezekana kwa sababu wenye programu hawakuifungia kabatini. Waliitoa bure, kila mwenye haja aichukue na kuigeuza apendavyo. Sisi huku twajua kisima cha waqfu, ambacho aliyekichimba hamwulizi anayeteka maji ni wa ukoo gani. Lakini twakiri kwamba hatukuwa tumepata kufikiri kuwa hata maandishi ya kompyuta yaweza kuwekwa hivyo.

Tusizidishe sifa, hata hivyo. Ramani haizimi moto. Waliouawa Kenya hawakurudishwa na alama iliyowekwa juu ya jina la mji wao. Faida ya Ushahidi ni kwamba liliandikwa jambo likiwa bado bichi, na lilipimwa kabla ya kuandikwa. Katika hayo mawili, kupima ndiko kugumu, na ndiko tunakotaka vijana wetu wakuelekee.

Sisi tuliosoma vyuoni twaijua elimu hiyo ya kupima kwa jina jingine. Maulamaa wa Hadithi hawakuuliza tu, "Amesema nini?" Waliuliza kwanza: Nani amekuambia? Naye alisikia kwa nani? Je, hao wawili walikutana, au mmoja alikufa kabla ya mwenzake kuzaliwa? Je, ni mkweli, na kama ni mkweli, hifadhi yake ni nzuri? Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alisafiri nchi na nchi kwa ajili ya maswali kama hayo, na khabari alizoziacha nje ya kitabu chake ni nyingi mno kuliko alizozitia. Hiyo ndiyo isnadi. Na Suratul Hujurat, aya ya 6, imekwisha kutuamrisha kuwa akitujia mtu asiyeaminika na khabari tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu bila ya kujua kisha tukawa wenye kujuta. Amepokea Imam Muslim kwa Mtume, S.A.W., kuwa yatosha mtu kuhesabiwa muongo akisimulia kila alisikialo.

Kijana atakayekaa mbele ya kompyuta siku ya uchaguzi kupokea ujumbe wa watu hana budi kuuliza maswali yale yale. Aliyeandika alikuwapo, au ameambiwa? Ujumbe watoka kituo gani? Yuko mwingine aliyeona hayo bila ya kujuana na wa kwanza? Picha hii ni ya leo, au ilipigwa mwaka mwingine katika nchi nyingine? Na hapa pana kosa moja kubwa ambalo mwanafunzi wa Hadithi hulitambua upesi kuliko mtu mwingine. Watu husema, "Khabari hii ni kweli, maana nimeletewa na watu ishirini." Maulamaa wanayo khabari iitwayo mutawatir, yaani iliyopokewa na watu wengi mno hata haiwezekani wawe wamekubaliana kusema uongo. Lakini wingi huo ni wa mashahidi, si wa wasambazaji. Maneno yaliyotungwa na mtu mmoja Dar es Salaam, yakapelekwa mbele na watu elfu hata yakafika Kiomboi na Itigi kabla ya adhuhuri, ni khabari ya mtu mmoja, tena mtu ambaye jina lake halijulikani. Ni dhaifu kuliko maneno ya mwanamke mmoja wa Ilongero aliyesimama penye kituo akaona kwa macho yake. Kijana akiweza kuiandika programu inayotambua tofauti hiyo, basi amefanya jambo kubwa.

Wala kazi hii haikomi siku ya kura. Kabla ya Ushahidi, katika miaka ya 2005 na 2006, yule yule Bibi Okolloh na Bwana Conrad Akunga, mwandishi wa programu, walianzisha tovuti ya Mzalendo. Sababu yake yachekesha na kuhuzunisha: tovuti ya Bunge la Kenya ilikuwa imeondolewa baada ya baadhi ya wabunge kuchukizwa kuona maelezo ya elimu na kazi zao yamewekwa wazi. Hao wawili wakasema, ikiwa Bunge halitaki kusomwa, sisi tutalisoma na kuwapa watu. Wakakusanya wabunge wamesema nini na wameleta miswada gani. Kazi hiyo haina tarumbeta. Ni ya karani hasa, kunakili na kupanga siku baada ya siku.

Na mwishoni mwa mwaka 2012, Wakenya walipokuwa wakiandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa Machi 2013, orodha ya vituo vya kujiandikisha iliwekwa na Tume yao katika waraka mrefu ambao mtu wa kawaida asingeweza kuupekua katika simu. Vijana wawili wa kompyuta wakauchukua, wakaugeuza, wakatengeneza tovuti ya GotToVote, ambamo mtu alichagua kaunti yake na jimbo lake akaonyeshwa kituo chake. Kazi hiyo iliwachukua kama saa 24 na gharama ya kama dola 500. Hawakuvumbua khabari mpya hata moja. Walichofanya ni kuitoa khabari ya watu mahali ilipokuwa imefichika bila ya mtu kukusudia kuificha. Baadaye mfano huo ukafuatwa Malawi na Zimbabwe.

Turudi kwetu Tanzania. Katika uchaguzi wa 2015, ambao ndio wa kwanza kuandikisha watu kwa mashine za alama za vidole, walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 23, na waliopiga kura yapata milioni 15 na nusu. Mwaka 2020 walioandikishwa walifika karibu milioni 30, na waliopiga kura walikuwa kama milioni 15. Yaani daftari liliongezeka kwa watu zaidi ya milioni 6, na masanduku hayakuongezewa kitu. Sababu za hayo ni nyingi, na nyingine ni za wanasiasa wenyewe, wala hapana programu itakayozitibu. Lakini ziko sababu ndogo ndogo ambazo kijana mmoja mwenye akili aweza kuziondoa, na hizo ndizo tungependa wana wa Singida wazitazame.

Tuchukue majina. Mtoto wetu huitwa Ramadhani. Katika cheti cha kuzaliwa ameandikwa Ramadhan, katika kitambulisho Ramadhani, na karani wa daftari aliandika Ramazani kama alivyolisikia. Shabani ni Shaaban, Hadija ni Khadija, Saidi ni Said, Athumani ni Othman. Zaidi ya hayo, watu wetu wa Ikungi, Mkalama na Iramba wana majina ya Kinyaturu na Kinyiramba ambayo mtu wa pwani huyaandika apendavyo. Sasa mzee ataka kujua kama jina lake limo. Mjukuu amwandikia katika simu, na simu yajibu kuwa hayumo. Mzee hasemi, "Labda pamekosekana herufi moja." Husema, "Wamenitoa." Na neno hilo "wamenitoa" likizunguka kijiji kizima mpaka magharibi huwa limekwisha kupata baba na mama na chama. Mwandishi wa programu aliyesomea mbali, asiyepata kuisikia namna hiyo ya kutaja jina, hatalijua hilo. Aliyesoma juzuu akiwa na wenzake watatu waitwao Ramadhani kila mmoja kwa tahajia yake, atalijua bila ya kufundishwa.

Kisha yako ya simu zenyewe. Tangu mwaka 2024 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilifungua njia ya mtu aliyekwisha kuandikishwa kuanza kurekebisha maelezo yake kwa mtandao kabla ya kwenda kituoni. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini katika nyumba nyingi za wakulima wetu wa alizeti na vitunguu simu iliyomo ni ile ndogo ya vitufe, ambayo vijana huiita kitochi, tena ni moja kwa watu sita, na mwenye kuijua ni mtoto wa darasa la saba. Programu nzuri kwa nyumba hiyo ni ile ijibuyo kwa ujumbe mfupi, kwa Kiswahili chepesi, bila ya kudai intaneti.

Na intaneti yenyewe si ya kutegemewa kwa kila hali. Tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya uchaguzi wetu mkuu, ilikatika nchini, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Yakatokea maandamano na machafuko, watu wakafa, na Serikali baadaye ikaunda tume ya kuchunguza yaliyotokea. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Hatutaki kuitangulia hukumu ya jambo zito kama hilo katika ukurasa huu. Twasema tu lile linalohusu somo letu. Mzazi aliyekuwa na mtoto katika mji mwingine siku zile alijua maana ya kukosa khabari. Na intaneti iliporudi, simu zilijaa picha na maneno kwa pamoja, na watu wengi hawakuwa na mizani ya kuyapimia. Waandishi wa programu wakikaa wakafikiri juu ya wiki ile bila ya hasira, wataona kuwa ushahidi haufai kukaa katika njia moja tu inayoweza kuzibwa, na kwamba daftari la karatasi na watu wawili waaminifu katika kila kijiji bado vina kazi.

Imebaki hofu ya mzazi juu ya salama ya mwanawe. Hatutamficha: kazi hii ina hatari. Mwezi Disemba, 2016, polisi walimkamata Bwana Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, baada ya kukataa kutoa khabari za watu walioandika katika mtandao wake. Akashtakiwa mahakamani, na kesi zikamshika kwa miaka. Mwaka 2019 akapewa tuzo ya kimataifa na Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari ya New York. Mahakama zina kazi yake nasi tuna yetu, basi hatuingii katika hoja za mawakili. Lakini jambo alilokabiliwa nalo ndilo atakalokabiliwa nalo kila mwenye kazi hii: watu wamemwamini kwa majina yao, naye ana nini cha kusema anapodaiwa ayatoe? Hapo hutakiwa elimu ya sheria pamoja na ya kompyuta. Kijana aijue Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na aijue pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, ambayo yamfunga yeye anayekusanya majina na namba za watu kama inavyomlinda mwenye majina hayo. Na njia iliyo salama kuliko zote ni kutokukusanya asichokihitaji. Ambacho hukukiandika hakuna awezaye kukuibia wala kukulazimisha ukitoe.

Twaongeza moja kwa sababu tumeona likifanywa kwa wepesi. Misimu ya uchaguzi inapokaribia, wagombea hutafuta namba za simu za watu, na hulipa. Orodha ya wazazi wa madrasa, ya waumini wa msikiti, ya kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, hizo ni amana. Zilikusanywa ili watu waarifiwe mazishi, darsa na mikutano. Kijana anayemwuzia mgombea orodha hiyo, hata kama mgombea ni Mwislamu mwema na hata kama fedha zitaingia katika ujenzi wa choo cha msikiti, ameuza kisicho chake. Hatuoni tofauti kati yake na mwenye duka aliyewekewa magunia ya jirani akayauza.

Wazazi wa mabinti nao wasijitoe katika mazungumzo haya. Katika wale tuliowataja, Ory Okolloh ni mwanamke na Juliana Rotich ni mwanamke, na kazi ile isingalianza bila ya mmoja wao kuuliza swali lake. Uandishi wa programu waweza kufanywa nyumbani kwa stara kamili, penye umeme na kompyuta. Nasi twashangaa kuona ni mabinti wachache mno wanaopelekwa kuusoma, hali katika hesabu za darasani hawashindwi.

Ama riziki, iko, ingawa si ya utajiri wa haraka. Wengi wafanyao kazi za raia na uchaguzi huwa na kazi nyingine ya kuwalisha, kama Bwana Kobia alivyokuwa fundi wa kuajiriwa Alabama kabla ya kuitwa na jambo lile. Elimu yake ni ile ile itumiwayo benki, hospitali na ghala la mazao, kwa hiyo aliyejifunza vizuri hafi njaa uchaguzi unapokwisha. Masomo hayako mbali: Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, kina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, nacho kwa basi la asubuhi kutoka Singida mjini mtu hufika kabla ya adhuhuri.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika mara ya mwisho tarehe 27 Novemba, 2024, na hurudi kila baada ya miaka mitano. Kijana anayeingia chuo leo kwa masomo ya miaka mitatu ana wakati wa kujitayarisha kabla ya huo ujao. Lakini hana haja ya kungoja cheti. Akiwa likizo, achukue daftari la shilingi mia tano, akae na wazee wa kitongoji chake baada ya sala ya alasiri, awaulize kila mmoja jina lake hutajwaje na limepata kuandikwa namna ngapi, na aandike hesabu ya tahajia hizo bila ya kuandika namba ya simu wala ya kitambulisho cha mtu yeyote. Atakapofika chuoni atakuwa na kitu mkononi ambacho mwalimu wake hana.